Masasisho ya usalama "yasiyopo" katika kompyuta zisizo na intaneti: tatizo huanzia wapi

Swali, kutoka kwa msomaji wa Changamwe, Mombasa: Ninasimamia kompyuta za ofisi ya yadi ya makontena. Kwa amri ya wakubwa, kompyuta hizo hazigusi intaneti. Nyingi ni za Windows 10, mbili mpya ni za Windows 11, na moja ya zamani ya Windows 7 inaendesha mizani ya malori. Kila mwezi napakua masasisho kwingine, nayabeba kwa flashi na kuyasakinisha kwa skripti. Uchunguzi wangu wa nje ya mtandao unasema hakuna kinachokosekana, lakini mkaguzi amekuja na programu yake akatoa orodha ndefu ya masasisho ya usalama ambayo hayapo. Nikijaribu kuyaweka, mengine yananijibu kwamba hayahusiki na kompyuta hii. Nimwamini nani, na nianzie wapi?

Jibu: Ndugu yangu, kwanza usipakue chochote kingine. Mafundi wengi wakikabidhiwa orodha ya namna hiyo hukimbilia penye intaneti, wakashusha kila KB (namba ambayo Microsoft hulipa kila sasisho) iliyotajwa, wakaijaza flashi na kuanza kusakinisha moja baada ya nyingine. Jioni ikifika, nusu imekataliwa na nusu haikubadilisha kitu. Ripoti ya masasisho yanayokosekana hupatikana kwa kulinganisha orodha mbili, yaani yale ambayo programu ya uchunguzi inayajua na yale ambayo kompyuta inakiri kuwa nayo. Ripoti mbili zikipingana, aghalabu kila moja imesema kweli kwa kadiri ya orodha iliyosoma. Kazi yako ya kwanza ni kujua ni orodha ipi iliyokuwa pungufu, na kwa hilo unahitaji kipimo cha tatu kisichotegemea wewe wala mkaguzi.

Kipimo hicho ni namba ya bildi (build) ya Windows yenyewe. Kaa kwenye kompyuta moja tu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, na usome namba yenye sehemu mbili zilizotenganishwa kwa nukta. Katika Windows 10 toleo la 22H2 sehemu ya kwanza ni 19045. Sehemu ya pili hupanda kila sasisho la mwezi linapokaa sawasawa. Tangu Windows 10 ilipotoka, sasisho kuu la kila mwezi ni jumuishi, maana yake la mwezi huu limebeba ndani yake marekebisho ya miezi iliyotangulia. Kwa hiyo kompyuta iliyopokea sasisho la Juni haina haja ya la Machi, Aprili wala Mei, hata kama orodha ya mkaguzi imeyataja yote matatu kwa namba zake za KB. Amri ya Get-HotFix, inayoorodhesha masasisho yaliyowekwa, haitakusaidia sana hapa, kwa sababu haionyeshi kila kilichowekwa, na masasisho yaliyokwisha kupitwa na mapya huenda yasionekane kabisa. Chukua namba ya bildi, ilinganishe na ukurasa wa Microsoft wa historia ya masasisho ya toleo hilo, na utajua kompyuta imefika mwezi gani.

Muulize pia mkaguzi kama programu yake iliingia ndani ya kompyuta kwa jina na nywila ya msimamizi, au iliichungulia tu kupitia mtandao wa ofisi. Uchunguzi wa kutokea nje hubahatisha kutokana na milango iliyo wazi na majibu ya huduma, wala hauwezi kusoma matoleo ya mafaili yaliyomo kwenye diski. Swali hilo ni la haki kabisa, na mkaguzi makini hatalichukia.

Sasa tuuangalie uchunguzi wako mwenyewe, ambao ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu jibu la "hakuna kinachokosekana" humlaza mtu usingizi ambao hakuustahili. Bila shaka unatumia faili la wsusscn2.cab, ambalo Microsoft hulitoa kwa ajili ya kompyuta zisizo na intaneti. Faili hilo ni orodha tu: lina maelezo ya masasisho, bali masasisho yenyewe hayamo. Hutolewa upya masasisho ya kila mwezi yanapotoka, Jumanne ya pili, ambapo kwa saa za Mombasa ni saa mbili usiku Marekani ikiwa katika saa za kiangazi, na saa tatu usiku miezi iliyobaki. Ukilipakua Jumanne hiyo mchana, kabla toleo jipya halijatoka, umechukua orodha ya mwezi uliopita. Na kwa kuwa jina la faili halibadiliki kamwe, nakala ya miezi sita iliyosahaulika kwenye flashi inafanana na ya jana kwa kila hali. Kulitumia ni sawa na kuhesabu makontena ya meli iliyotia nanga leo kwa manifesti ya safari iliyopita: hesabu italingana vizuri sana, na mzigo mpya hautaonekana popote. Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua Properties, kisha Digital Signatures, na usome tarehe ya sahihi, yaani saini ya kidijitali ya Microsoft. Hiyo ndiyo tarehe ya kuaminiwa. Tarehe inayoonekana kwenye folda yaweza kuwa ni siku uliyonakili tu.

Hata likiwa jipya, faili hilo lina mipaka iliyowekwa makusudi. Linahusu masasisho ya usalama, vifurushi vya marekebisho na pakiti za huduma. Madereva hayamo, matoleo ya majaribio ya mwisho wa mwezi hayamo, na programu za kampuni nyingine hazimo. Office za siku hizi zilizosakinishwa kwa mtindo wa Click-to-Run hazisasishwi kupitia Windows Update, kwa hiyo nazo hazihesabiwi. Orodha ya virusi ya Defender, kinga-virusi ya Windows, huletwa peke yake kwa faili la mpam-fe.exe. Kivinjari cha Edge kina kisakinishi chake. Ukiichambua orodha ya mkaguzi na kuyatenga haya upande mmoja, huenda ukakuta sehemu nzuri ya malalamiko yake haikuhusu Windows hata kidogo, na wewe na yeye mlikuwa mkizungumzia vitu viwili tofauti.

Kuna kasoro nyingine inayojificha ndani ya skripti. Wasimamizi wengi wa kompyuta zisizo na intaneti huzima huduma ya Windows Update, kwa hoja kwamba haina kazi pale. Kumbe uchunguzi wa nje ya mtandao unaitegemea huduma hiyohiyo, na hata faili la .msu, yaani kifurushi cha sasisho, ukilibofya mara mbili linapitia kwake. Huduma ikiwa imezimwa, kosa linalotoka ni 0x80070422. Skripti iliyoandikwa bila kukagua makosa italipokea kosa hilo, haitapata orodha yoyote, nayo itaandika kwenye ripoti kwamba masasisho yanayokosekana ni sifuri. Njia ya kuthibitisha ni nyepesi: chukua kompyuta unayojua kwa hakika kwamba iko nyuma kwa miezi kadhaa, endesha uchunguzi uleule, na uone kama utapata kitu. Uchunguzi ukisema sifuri hapo, basi sifuri zako zote za nyuma hazina thamani, na ni lazima uzirudie.

Ukikutana na kosa 0x800b0109, tatizo ni vyeti vya msingi, ambavyo Windows huvitumia kuthibitisha sahihi za mafaili. Kompyuta yenye intaneti huvisasisha vyeti hivyo kimyakimya. Isiyo na intaneti hubaki na vile vya siku iliyosakinishwa, kisha ikashindwa kuitambua sahihi ya faili jipya. Kwenye kompyuta yenye intaneti endesha amri ya certutil -generateSSTFromWU roots.sst, ubebe faili litakalotoka, na uliingize kwenye ghala la vyeti la kompyuta husika. Na kabla ya hapo tazama saa iliyo kwenye kona ya skrini. Betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama ikifa, kompyuta hurudi miaka nyuma kila umeme ukikatika, na sahihi halali kabisa huonekana kana kwamba muda wake haujaanza.

Nije kwenye jibu la "halihusiki na kompyuta hii", ambalo msimbo wake ni 0x80240017. Mtu akiliona hudhani faili ni bovu. Mara nyingi faili ni zima, ila kompyuta imeona haliifai, na sababu zake hutofautiana sana. Huenda tayari ina sasisho jipya kuliko hilo, na hapo hakuna tatizo. Huenda umechukua la arm64 au la x86 ilhali kompyuta ni x64 (hizi ni aina za prosesa). Kwenye Microsoft Update Catalog, tovuti ya kupakulia masasisho, safu hizo zimepangwa moja chini ya nyingine kwa majina yanayokaribiana mno, na jicho lililochoka hukosea. Huenda umechukua la toleo lingine la Windows: sasisho la Windows 11 24H2 haliingii kwenye 23H2, ingawa zote mbili ni Windows 11. Kwa Windows 10, 21H2 na 22H2 zilitumia kifurushi kimoja, lakini 1809 iliyosahaulika kwenye kona ya stoo ina vifurushi vyake. Na huenda kuna kitangulizi, yaani sasisho la kutangulia, kinachohitajika ambacho hakijawekwa. Ndiyo maana nasisitiza usome winver kwanza, uandike toleo, bildi na aina ya prosesa kando ya jina la kila kompyuta, ndipo uende kupakua.

Kuhusu vitangulizi nitasema zaidi, kwa sababu hapo ndipo kompyuta za nje ya mtandao huumia kuliko zile zilizounganishwa. Kompyuta yenye intaneti ikihitaji hatua ya kati hujiletea yenyewe. Yako inategemea wewe uijue. Sehemu ya Windows inayofanya kazi ya kusakinisha masasisho nayo husasishwa, na ikiwa ya zamani mno hukataa kifurushi kipya kwa kosa 0x800f0823. Siku hizi sehemu hiyo huja ndani ya sasisho jumuishi, lakini kompyuta iliyokaa muda mrefu bila kuguswa yaweza kushindwa kukifungua kifurushi chenyewe. Kwa Windows 10, ikiwa kompyuta haijapata sasisho la KB5028244 la Julai 2023 au lolote la baadaye, weka kwanza KB5031539 ya Oktoba 2023, kisha ndipo uje na sasisho jumuishi.

Kwenye Windows 11 toleo la 24H2 utaratibu umebadilika. Microsoft ilianzisha masasisho ya vituo, ambapo sasisho la mwezi hujengwa juu ya kituo fulani badala ya kubeba historia yote tangu mwanzo. Kituo cha kwanza ni KB5043080 cha Septemba 2024. Ukifungua ukurasa wa kupakua sasisho jipya kwenye Catalog utaona faili zaidi ya moja ndani ya dirisha moja, na wengi huchukua la juu na kuliacha la pili wakidhani ni marudio. Chukua yote. Yaweke pamoja kwenye folda moja ndani ya diski ya kompyuta yenyewe, tuseme C:\viraka, pasiwe na faili lingine humo, kisha, kwa DISM, chombo cha Windows cha kuweka vifurushi, uendeshe amri ya DISM /Online /Add-Package /PackagePath: ukifuatiwa na anwani ya faili lenye KB unayoilenga. DISM itakitafuta kituo kwenye folda hiyo na kukiweka kwanza ikiwa kinahitajika. Usisakinishe moja kwa moja kutoka folda ya pamoja ya mtandaoni yenye .msu kadhaa, kwani katika mwaka 2025 njia hiyo ilileta makosa ya anwani kwenye 24H2. Nakala ndani ya diski haina usumbufu huo.

Flashi nayo ni mshukiwa. Ikiwa imepangwa kwa mfumo wa FAT32, haiwezi kubeba faili moja linalozidi GB 4, na vifurushi vya Windows 11 vimekuwa vikinenepa. Ipange upya kwa exFAT au NTFS. Kisha, kwa kila faili, thibitisha kwamba kilichofika ndicho kilichotoka: endesha certutil -hashfile, jina la faili, kisha neno SHA1, yaani alama ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili. Masasisho yaliyotoka Catalog yana mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu baada ya alama ya mstari wa chini kwenye jina lake. Mlolongo huo ndio SHA1 ya faili. Zikilingana, faili halikukatika njiani wala halikuchezewa. Ni kazi ya dakika moja, na binafsi sikubali flashi iingie kwenye kompyuta iliyotengwa bila hatua hiyo, na bila kukaguliwa virusi kwanza.

Tuseme kifurushi ni sahihi, kitangulizi kipo, usakinishaji umemaliza, na bado bildi haijapanda. Tazama skripti yako imerudishiwa namba gani. Namba 3010 inasema kazi imefaulu lakini kompyuta lazima iwashwe upya. 2359302 inasema sasisho lilikuwepo tangu awali. Skripti inayochukulia chochote kisicho sifuri kuwa ni kushindwa itakudanganya kwa zote mbili. Na hapa kuna jambo linalowapata watu wa ofisini kila siku: karani anapomaliza kazi jioni akachagua Shut down, kompyuta yenye Fast Startup haizimiki kikamilifu, bali kiini cha mfumo hulazwa kwenye diski na kuamshwa kesho yake jinsi kilivyokuwa. Karani ataapa kwamba huizima kila siku, naye hasemi uongo, ilhali sasisho linasubiri kuwashwa upya kwa kweli ili likamilike. Endesha systeminfo na usome mstari wa System Boot Time. Ukikuta tarehe ya wiki tatu nyuma, umempata mshukiwa wako. Chagua Restart, usubiri hadi asilimia zimalizike, kisha urudi kwenye winver. Umeme ukiwa wa kusuasua siku hiyo, ahirisha au tumia UPS, kwa maana kukatikiwa katikati ya hatua hiyo ndiko kunakoharibu ghala la vijenzi vya Windows, yaani hazina ya mafaili ya mfumo.

Ghala hilo likiharibika, makosa hutoka kama 0x80073712 au 0x800f081f. Bila intaneti, amri ya DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth haina pa kuchukua vipuri, hivyo ipe chanzo kwa /Source kinachoelekeza kwenye install.wim (faili la usakinishaji wa Windows) ya toleo lilelile, na uongeze /LimitAccess ili isipoteze muda kuitafuta Microsoft. Baada ya hapo endesha sfc /scannow, kisha urudie sasisho. Undani wa kushindwa kokote utaupata ndani ya C:\Windows\Logs\CBS\CBS.log.

Kwa Windows 10 zako lazima niseme wazi jambo ambalo hakuna flashi itakayolitatua. Msaada wa kawaida wa toleo la 22H2 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Sasisho la siku hiyo, KB5066791, huifikisha kompyuta kwenye bildi 19045.6456. Kompyuta yako ikiwa chini ya hapo, kuna masasisho ya bure ambayo kweli inayakosa, na huna udhuru wa kutoyaweka. Ikiwa imefika hapo na mkaguzi anataja masasisho ya baadaye, hayo ni ya mpango wa kulipia wa ziada, ambao kwa mashirika unaweza kuendelea hadi Oktoba 2028, na ufunguo wake hauna budi kuwashwa kwenye kila kompyuta. Bila ufunguo huo, kifurushi hakitakubali. Uamuzi wa kulipia, au kununua kompyuta zinazobeba Windows 11, ni wa wakubwa wako. Wewe waeleze kwa maandishi.

Ile ya mizani ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko zote. Windows 7 ilimaliza muda wake tarehe 14 Januari 2020. Masasisho ya tangu katikati ya 2019 yametiwa sahihi ya SHA-2, ambayo Windows 7 haikuijua awali, hivyo bila KB4490628 na KB4474419 utapata kosa 0x80092004 hata uhangaike vipi. Weka hayo mawili kwanza, uwashe upya, kisha uweke KB4534310, sasisho jumuishi la Januari 2020. Angalia usichanganye na vifurushi vilivyoandikwa Security Only: vile havikuwa jumuishi, kila mwezi ulisimama peke yake, na aliyeruka mwezi mmoja ameukosa moja kwa moja. Pengo la namna hiyo ni hatari ya kweli. Marekebisho ya MS17-010 (tangazo la usalama la Microsoft) yalitoka tarehe 14 Machi 2017, na WannaCry, kirusi cha kufunga mafaili ili kudai fidia, ilipolipuka tarehe 12 Mei mwaka huohuo ilizikuta kompyuta chungu nzima za Windows 7 ambazo hazikuwa nayo. Kirusi kile kilitambaa kutoka kompyuta hadi kompyuta ndani ya mtandao wa ofisi, kwa hiyo kukosa intaneti peke yake hakukuwa kinga, mradi kompyuta moja tu iliyokwisha ambukizwa imechomekwa kwenye mtandao uleule. Ikiwa mizani inaongea na kompyuta yake kwa waya wa siriali, ichomoe kabisa kwenye mtandao wa ofisi na risiti zichapishwe palepale. Ikiwa lazima ibaki kwenye mtandao, zima SMBv1, itifaki ya zamani ya kushirikishana mafaili, na uitenge kompyuta hiyo kwenye sehemu yake ya swichi ili ionane na seva moja tu inayoihitaji.

Kwa mkaguzi, usimpelekee orodha ya KB kujibu orodha ya KB. Mpe jedwali la kompyuta zote lenye toleo, bildi, tarehe ya kuwashwa mara ya mwisho, na tarehe ya sahihi ya wsusscn2.cab uliyoitumia, ziandike Office, Edge na programu nyingine kwenye karatasi ya pili. Kisha mwombe arudie uchunguzi akiwa na nywila ya msimamizi, baada ya kila kompyuta kupitia Restart. Yatakayobaki kwenye ripoti yake ya pili ndiyo ya kupakua.